Mazoezi ya Kufundisha ya Mwalimu Dorkas

Kinyangiri, Mkalama
12 Februari 2024

Mwanangu Loyce,

Hujambo? Najua hujambo, maana dereva wa Noah ya abiria aliyekuona juzi dukani kwako amesema umenenepa. Unakula vizuri? Huli, unashindia chipsi na soda, mjini hakuna mwenye subira ya kusonga ugali. Lakini kama umenenepa, basi Mungu ana njia zake. Mimi ni mzima, ila magoti yananikumbusha umri. Mvua imekuwa nzuri, alizeti imesimama, na yule kuku wako mwekundu ametotoa.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu ni ya kuulizia kama mtu amefika. Mazungumzo yana barua yake, na mtoto wa mwalimu hapaswi kuambiwa hilo mara mbili.

Sasa habari yenyewe. Matokeo ya mwisho ya chuo yametoka. Nimefaulu yote, Loyce, hata ile kozi ya takwimu iliyonitoa machozi. Miaka yote hii nimesoma kwa taa ya sola baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu, wengine wakisema mwanamke wa umri wangu anasoma ili ampelekee nani. Jumapili nilipeleka mbuzi kanisani kutoa shukrani. Baada ya ibada aliuzwa kwenye mnada pamoja na miwa na mayai ya wengine, na watu walipandishiana bei kwa furaha mpaka Mzee Nathanaeli akamchukua. Mchungaji akanisimamisha mbele, akasema usharika umepata msomi wa shahada. Akina mama walipiga vigelegele, na mimi nikajipigia, sioni aibu kusema. Mwakani nastaafu. Nilitaka nistaafu nikiwa na shahada yangu mkononi, na Mungu amenipa.

Chuo kinataka tukiomba kushiriki mahafali tuambatanishe karatasi inayoitwa ripoti ya ukaguzi wa shahada. Ipo kwenye akaunti ya mwanafunzi. Wewe una kompyuta na printa hapo dukani, nitolee. Nywila nimeiandika nyuma ya barua hii, usimwonyeshe mtu. Utauliza kwa nini sijawahi kuitoa. Kwa sababu sikuihitaji, matokeo nilikuwa nayaona kwenye simu.

Gerald anaendeleaje? Usinijibu. Mtu aliyekutoa chuoni mwaka wa pili sina salamu zake.

Mama yako,
Mwalimu Dorkas


Singida Mjini
27 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Nimemwomba dereva akuletee mafuta ya kuchua, yamo kwenye mfuko wa kaki pamoja na barua hii. Mimi ni mzima, na sijanenepa. Alinikuta nimevaa koti kwa sababu ya upepo.

Hongera kwa matokeo. Niliwaambia wateja wote wa siku ile, mpaka mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akanishika mkono kwa niaba yako.

Ripoti nimeitoa, imo humu ndani, na nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua nianze wapi. Ni kurasa tatu. Kila sharti la shahada yako lina sehemu yake, na pembeni imeandikwa kama limetimia. Kozi za lazima, zimetimia. Kozi za kuchagua, zimetimia na mbili zimezidi, naona ulipenda sana historia ya elimu. Jumla ya uniti, imetimia na kupita. Ukurasa wa tatu, karibu na chini kabisa, kuna mstari mmoja: Mazoezi ya kufundisha, hayajatimia. Na juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi nyekundu: Mwanafunzi hajakidhi masharti ya kuhitimu.

Niliiprinti mara ya pili nikidhani mashine imekosea. Haikukosea. Mama, mazoezi ya kufundisha hukuyafanya?

Wako akupendaye,
Loyce


Kinyangiri
5 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mafuta yamefika, asante.

Umeniuliza kama sikufanya mazoezi ya kufundisha. Loyce, mimi nimefanya nini tangu kabla hujazaliwa? Nimefundisha. Leo asubuhi nimefundisha, kesho nitafundisha. Nusu ya watu wanaopita barabara hii wanajua kusoma kwa sababu ya chaki yangu. Kila mwaka chuo kilipotangaza watu wajiandikishe mazoezi, niliona wanawazungumzia vijana ambao hawajawahi kusimama mbele ya darasa. Samaki naye apelekwe mazoezi ya kuogelea?

Nimeiangalia hiyo karatasi yako na dawa nimeiona mwenyewe. Kozi za kuchagua zimezidi mbili. Waambie wazihamishie kwenye hilo pengo. Sisi tukipima alizeti tunafanyaje? Tunachota kwenye gunia lililofurika tunajazia lililopungua, na mnunuzi hasemi neno. Waandikie hivyo, kwa lugha ya heshima.

Mbuzi amekwisha kununuliwa. Nitawaambia nini kanisani? Siwaambii kitu, kwa sababu nimemaliza.

Mama yako


Singida Mjini
18 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta salama na hasira zimepungua.

Nimewapigia chuo. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri, na habari ya magunia nilimweleza kama ulivyosema. Alicheka, kisha akasema hapana. Kila sharti lina kapu lake, kozi ya historia haiwezi kulala kwenye kapu la mazoezi hata zikizidi kumi. Kuhusu miaka yako ya kufundisha, alisema chuo kinaiheshimu, ila sharti linasema mkaguzi wa chuo akuone ukifundisha, kwenye shule isiyo yako, mara mbili. Hakuna aliyesamehewa.

Nadhani nimeelewa tulipopotea. Wewe ulikuwa unaangalia matokeo, na matokeo yanaonyesha ulichofanya. Ripoti hii inaonyesha ambacho hujafanya. Ungeitoa mwaka wa kwanza ungeuona mstari ule tangu siku ya kwanza, umekaa pale unakusubiri.

Sasa nisikilize kwa makini. Usajili wako unadumu miaka minane tu, na unakwisha Septemba hii. Mazoezi yanafanyika Julai na Agosti, na kujiandikisha kunafungwa mwisho wa Juni. Ukiukosa mwaka huu, kozi zako zote zinafutika, pamoja na takwimu. Utaanza upya au utaacha. Niruhusu nikuandikishe.

Wako,
Loyce


Singida Mjini
6 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nilikupigia, simu ikaita mpaka ikakata. Dereva anasema u mzima, unavuna alizeti, unapita na jembe begani bila kusimama. Nimeshukuru kusikia uko hai.

Sitakusukuma tena. Nataka tu ujue kwamba ile nywila bado ninayo, na kompyuta iko wazi tangu asubuhi mpaka nafunga duka. Neno moja lako linatosha.

Loyce


Kinyangiri
9 Juni 2024

Mwanangu Loyce,

Marahaba, marahaba, marahaba, za barua zote tatu.

Ulidhani nimekasirika? Nilikasirika. Lakini hasira iliisha kwenye palizi, kilichobaki kilikuwa aibu, na kwa aibu sikupata dawa. Nilimwona kichwani mkaguzi kijana amekaa nyuma ya darasa langu ananiandika, mimi Mwalimu Dorkas niliyewafundisha wakaguzi wa kata. Nikasema moyoni, heri nife bila shahada. Nikavuna alizeti yote hivyo, sina raha, na kila Jumapili nikiingia kanisani namwona Mzee Nathanaeli, naona mbuzi.

Jumapili iliyopita nilishindwa kuvumilia. Baada ya ibada nikamwita pembeni, nikamweleza kwamba nilitoa shukrani ya kitu ambacho sijakipata, na kwamba niko tayari kumrudishia alichotoa mnadani. Mzee akasema, kwa Kinyiramba na kwa sauti ya chini ili wapita njia wasisikie, kwamba mbuzi hamrudishi, na kanisa haliwezi kurudisha shukrani kama duka la nguo. Akasema, "Umeshukuru kabla ya kupewa, Mwalimu. Basi nenda kapokee."

Nilicheka nikalia hapo hapo.

Niandikishe. Sitaki kuzungumza zaidi juu ya jambo hili. Ofisi ya elimu nitakwenda mwenyewe kuomba ruhusa.

Mama yako


Singida Mjini
14 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimekuandikisha jioni ile ile barua ilipofika. Karatasi ya uthibitisho iko ndani ya bahasha, usiikunje. Umepangiwa shule ya kata ya jirani, ile ya bondeni karibu na lambo, kuanzia tarehe nane Julai. Umeandikwa kama mwanafunzi wa mazoezi. Nimecheka peke yangu dukani, nisamehe.

Msalimie Mzee Nathanaeli.

Loyce


Shule ya bondeni
21 Julai 2024

Mwanangu,

Hujambo? Hujambo, najua, maana sauti yako kwenye simu ya majuzi ilikuwa na kicheko. Unafunga duka mapema jioni? Hufungi.

Naandika nikiwa ofisini, kwenye kiti cha karibu na mlango ambako hukaa wanafunzi wa mazoezi. Tuko watatu. Wenzangu ni vijana, wa kike na wa kiume, na siku ya kwanza walidhani mimi ni mzazi nimekuja kulalamika. Sasa wananiita Bibi na wananiletea maji ya kunawa. Mwalimu mkuu hapa ni Chediel. Unamkumbuka? Humkumbuki, ulikuwa mdogo. Nilimfundisha darasa la tatu, alikuwa analala mchana. Maskini hajui aniweke wapi. Asubuhi ananipa shikamoo, kengele ikilia ananipangia zamu ya kusimamia usafi wa vyoo. Nasimamia.

Ninaandika andalio la somo kila jioni, Loyce. Sijaandika andalio kwa ukamilifu kwa muda ambao sitautaja. Kichwani nilidhani yote yamo, lakini ukilazimika kuandika lengo la kipindi unagundua mara nyingine hukuwa na lengo, ulikuwa na mazoea tu. Hilo usimwambie mtu.

Mkaguzi atakuja wakati wowote kuanzia wiki ijayo. Naogopa? Siogopi. Naogopa kidogo.

Mama yako, mwanafunzi wa mazoezi


Shule ya bondeni
4 Agosti 2024

Mwanangu Loyce,

Salamu nyingi. Wewe mzima, mimi mzima, tuendelee.

Amekuja. Anaitwa Idrissa, kijana mwembamba mwenye adabu, ana kishikwambi. Alinipa shikamoo, akaomba ruhusa ya kuingia, akakaa dawati la nyuma magoti yakigusa kidevu. Nikafundisha sayansi darasa la nne, mbegu na kuota kwake. Nikasema nitafundisha kipindi cha kumfunga mdomo. Sauti ilitoka, ubao uling'aa, watoto hawakupiga kelele hata mmoja. Nilipomaliza nilijua nimefanya kazi.

Akaniketisha kivulini, akanisifu kwa ubao na kwa maarifa ya somo. Halafu akanisomea alichoandika: "Mwalimu anauliza na kujibu mwenyewe. Katika kipindi kizima hakuna swali lililomsubiri mtoto."

Nikamwambia, kijana, nikiwasubiri hawa kipindi kitaisha tumetazamana. Hawa ni watoto wa mashambani, wanaona haya. Akainamisha kichwa, akasema kwa upole, "Mama, umewahi kuwaacha wakanyamaza, ukaona kitakachotokea?"

Alama alizonipa hazitoshi. Ukaguzi wa pili usipokuwa mzuri, mstari ule haufutiki, na Septemba ndiyo hiyo inakuja. Nimekaa na maneno yake siku nne. Mimi najibu maswali yangu mwenyewe? Sijibu. Huyo kijana hajui darasa, ana kishikwambi tu.

Mama yako


Singida Mjini
11 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na ukaguzi. Mimi ni mzima, na duka linaendelea vizuri.

Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikaacha kucheka nikaisoma tena. Nakunakilia maneno yako ya karibu na mwisho: "Mimi najibu maswali yangu mwenyewe? Sijibu." Barua zako zote ninazo hapa dukani kwenye boksi la karatasi. Sisemi zaidi, na sisemi kwa ubaya. Mimi ndiye mwanafunzi wako wa kwanza, kwa hiyo nina uzoefu kidogo wa jambo hili.

Ushauri wangu ni mdogo. Ukishauliza, shika chaki kwa mikono miwili nyuma ya mgongo na uangalie nje dirishani. Mdomo ukitaka kusema, uache utake.

Utafaulu, mama. Nakuombea kila nikiwasha mashine.

Loyce


Kinyangiri
1 Septemba 2024

Mwanangu,

Hujambo? Nilitaka kuendelea hapo, nimejizuia. Endelea kusoma.

Idrissa alirudi Jumatano, tukarudia mbegu, darasa lile lile. Nikauliza: kwa nini mbegu ya alizeti ikikaa ghalani haioti? Nikaweka chaki nyuma ya mgongo kama ulivyosema. Darasa likanyamaza. Loyce, sijawahi kusikia kimya kirefu vile. Nilisikia kuku wa nyumba ya jirani. Nilitaka kusema hakuna maji, hakuna maji, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikatazama dirisha. Idrissa naye alikuwa ameacha kuandika.

Kisha mtoto wa dawati la nyuma, binti anayeitwa Luciana ambaye nilikuwa sijasikia sauti yake tangu Julai, akanyoosha mkono nusu. Akasema, "Kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba imefika shambani." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza, na shambani inaambiwa na nani? Nikasubiri tena. Akafikiri, akasema na udongo uliolowa. Yakatoka humo humo maji, na joto, na hewa, wenyewe wakabishana, mimi nimesimama kama mgeni kwenye darasa langu. Kengele ilipolia hakuna aliyeisikia.

Idrissa alinipa alama nzuri. Nilifurahi, ndiyo, lakini si hilo ninalolifikiria. Nafikiria ni akina Luciana wangapi wamepita mikononi mwangu na majibu yao midomoni, wakatoka nayo mpaka nyumbani. Inaniuma, mwanangu. Inaniuma sana na sina la kufanya, maana wamekwisha kuwa watu wazima.

Mwangalizie mama yako ile ripoti kama mstari umebadilika.

Mama yako


Singida Mjini
22 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Nimekuwa nikiifungua akaunti yako kila asubuhi kabla ya kufagia. Wiki nzima mstari ulikuwa vile vile, nikaanza kuwapigia chuo mpaka yule dada akaijua sauti yangu. Alisema alama za Idrissa zimefika ila bado hazijaingizwa. Nikamkumbusha tarehe. Nikamkumbusha tena. Leo asubuhi nimefungua, na ukurasa wa tatu, karibu na chini kabisa: Mazoezi ya kufundisha, yametimia. Juu, pale palipokuwa pekundu, pameandikwa: Mwanafunzi amekidhi masharti ya kuhitimu.

Nimeiprinti kwenye karatasi nzito, ile ninayouzia watu wa vyeti. Imo humu ndani. Maombi ya mahafali nimeyatuma na nimekuagizia joho. Niliacha duka wazi nikatoka nje kusimama juani, sijui kwa nini. Nilijisikia kama mimi ndiye niliyefaulu.

Mpelekee Mzee Nathanaeli aione.

Wako,
Loyce


Kinyangiri
6 Oktoba 2024

Mwanangu Loyce,

Hujambo?

Unakula vizuri?

Duka linakwendaje?

Gerald hajambo?

Kuandika hivi ni kazi kuliko takwimu. Kila nikimaliza swali mkono unataka kuendelea, inabidi niinue kalamu niiweke mezani.

Ripoti nimeipokea. Nimeiweka ndani ya Biblia isipate vumbi, na Mzee Nathanaeli ameiona, ameisoma yote mpaka namba ya usajili. Mbuzi wake ana mimba. Anasema mtoto atakuwa wangu, nimpeleke kanisani kwa shukrani ya pili, safari hii ya kitu kilichofika. Nimekubali.

Lipo swali ambalo sijawahi kukuuliza. Jibu lake nimelisema miaka yote, kwa majirani, kwa shangazi zako, na kwako pia, mpaka nikasahau kwamba wewe hujawahi kusema kitu.

Kwa nini uliacha chuo?

Upande wa pili wa karatasi hii nimeuacha mtupu. Sina haraka.

Mama yako,
Dorkas


Nyuma ya barua hiyo hiyo
Singida Mjini, 3 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo.

Sijambo. Nakula vizuri, napika ugali wa mtama kila jioni na mlenda. Duka linakwenda, limefikia pa kuhitaji msaidizi. Gerald hajambo, nadhani. Yuko Manyoni, anafanya kazi reli, ana mke na watoto. Hakuwa mchumba wangu wakati wowote. Siku ninaondoka chuoni alinisaidia kubeba sanduku la bati mpaka stendi, watu wa nyumbani wakamwona, na habari ikafika kwako kabla yangu.

Karatasi hii nimekaa nayo karibu mwezi. Niliiweka chini ya printa, kila siku naiona, kila siku naisogeza. Si kwamba sikuwa na jibu. Sikuwa nimezoea kuulizwa.

Mwaka wa pili walitupeleka mazoezi ya kufundisha. Naam, yale yale. Nilisimama mbele ya darasa, nikauliza swali, watoto wakanyamaza, na katika kile kimya nikajiuliza ni nani aliyesema nataka kufundisha. Nikakumbuka vizuri. Siku yalipotoka matokeo ya kidato cha sita ulikuwa uani unapepeta mtama. Uliinua uso ukaniuliza, "Loyce, unataka kusomea nini?" Nikavuta pumzi. Ukasema, "Ualimu." Ukaendelea kupepeta.

Nilitaka kusema biashara, mama. Nilitaka duka la karatasi na kalamu, nilikuwa nimelipanga kichwani mpaka rangi ya mlango. Niliacha chuo kwa sababu hiyo tu. Sikukukasirikia wakati ule, na sasa hata kidogo. Nilikuwa na jibu, sikujua pa kuliweka, basi nikaondoka nalo mpaka hapa Singida, nikalifungulia mlango wa bluu.

Mahafali ni mwisho wa mwezi. Nitafunga duka. Nitakuja na mkeka wa kukalia na kuku wa kuchoma, na nitavaa gauni jipya. Watu watatuzunguka tupige picha, wewe umevaa joho, na najua kuna atakayekuuliza binti yako huyu anafanya kazi gani.

Niache nijibu mwenyewe.

Mwanao,
Loyce